Safari ya Nairobi na Mtoto Mdogo: Tupange Mapema



Likizo ikikaribia, katika mikutano yetu husikika neno hili: "Mwaka huu nataka mtoto wangu aone Nairobi." Ni neno zuri. Zamani watu walidhani kutembea ni kazi ya matajiri, au ya wageni kutoka ng'ambo wanaokuja na kamera shingoni. Sivyo. Mkulima na mkewe, ambao wameinama shambani mwaka mzima, nao wanastahili siku chache za kupumzika pamoja na mtoto wao. Mtoto naye hujifunza mengi akiona mahali pageni huku ameshikwa mkono na mzazi.

Shida ni kwamba wengi wetu hupanga safari kama vile tunakwenda watu wazima peke yetu. Tunataka kuona mji wote kwa siku mbili. Matokeo yake tunayajua: mtoto anarudi akihara, mama amechoka kuliko alivyotoka, na baba ana deni la kikundi ambalo litalipwa kwa mahindi ya watoto.

Shabaha ya somo hili ni moja: tukisafiri na mtoto mdogo, mtoto ndiye saa yetu. Mwendo wake ndio mwendo wa safari. Tukipanga kwa kumfuata yeye, gharama hupungua, hatari hupungua, na furaha huongezeka. Msomeni kwa pamoja, halafu mjadili maswali yaliyo mwisho.

1. PESA KWANZA, SAFARI BAADAYE

Safari ya kutembea si ugonjwa wala mazishi. Hailazimiki kufanywa mwaka huu. Kwa hivyo haifai kukopa ili kwenda kutembea, na hasa haifai kuchukua mkopo wa riba katika mfuko wa kikundi. Mkopo wa kikundi ni wa kuzalisha: kuku, mbegu, kioski. Mkopo wa kutembea hauleti shilingi hata moja ya kujilipa.

Njia nzuri ni kuweka akiba kidogo kidogo, mbali na karo na mbali na pesa za pembejeo. Tuchukue mfano wa baba, mama na mtoto wa miaka minne watakaokaa siku nne kwa jamaa. Hizi ni hesabu za mfano tu. Nyinyi mtaweka za kwenu kulingana na umbali wenu.

Nauli ya viti vitatu kwenda na kurudi: 3,600
Matatu za mjini: 900
Viingilio vya mahali pawili: 1,500
Chakula cha njiani na mjini: 1,500
Kitu cha kumpa mwenyeji: 1,500
Dharura: 2,000
Jumla: shilingi 11,000

Ukigawa 11,000 kwa wiki 40 unapata shilingi 275 kwa wiki. Mwenye kuanza mwezi wa Novemba atakuwa tayari ifikapo likizo ya Agosti. Akina mama wanne au watano wenye nia moja wanaweza kufungua mfuko wa safari kando ya mzunguko wa kawaida, wenye daftari lake na mweka hazina wake.

Ile dharura ya 2,000 msiiguse. Si ya kununua viatu vya bei nafuu Gikomba. Ni ya hospitali, au ya kurudi nyumbani haraka. Mkirudi nayo, imekuwa mbegu ya akiba ya mwaka ujao.

Na ikiwa pesa hazifiki? Punguza safari, usiongeze deni. Mji mkubwa si Nairobi peke yake. Walio magharibi wanaweza kwenda Kisumu asubuhi na kurudi jioni. Kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1980, na kuna Ziwa lenyewe. Walio pwani wana Mombasa na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mtoto wa miaka minne hajui tofauti ya safari ndefu na safari fupi. Anachojua ni kwamba alikuwa na mama na baba, na hawakuwa na haraka.

2. KUCHAGUA WAKATI

Sisi wa mashambani tuna bahati moja. Mwezi wa Desemba watu wa Nairobi hukimbilia nyumbani, na nauli za kutoka mjini hupanda. Anayekwenda mjini wakati huo anapita kinyume cha msongamano. Lakini ajihadhari na siku za kwanza za Januari, kwa maana wote hao wanarudi Nairobi na watoto wao pamoja na mizigo. Maliza safari yako kabla ya hapo. Pasaka nayo ni vivyo hivyo.

Likizo ya Agosti ni nzuri, ila baridi iko. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mwezi wa Julai na Agosti usiku huwa baridi sana kwa mtoto aliyezoea joto la Kitui, Kisumu au Kilifi. Beba sweta, soksi, kofia na leso nzito.

3. NJIANI

Safiri mchana, na uondoke asubuhi mapema ili ufike kabla giza halijaingia. Kufika usiku mahali usipopajua, una mzigo kichwani na mtoto aliyelala begani, ni kujiweka mikononi mwa wezi.

Ukiweza, mlipie mtoto kiti chake na umfunge mkanda wake. Wengine humpakata mtoto na kuzungusha mkanda mmoja kwa wote wawili. Hiyo ni hatari kubwa. Gari likisimama ghafla, uzito wote wa mzazi humbana mtoto kwenye mkanda.

Walio karibu na reli, kama vile Voi, Mtito Andei, Kibwezi na Emali, wana njia nyingine. Treni ya Madaraka ilianza kazi mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu halipi, na wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja hulipa nusu. Mtoto anaweza kusimama, kwenda chooni na kutazama nje, na kwake treni yenyewe ni matembezi. Lakini jueni kwamba stesheni ya Nairobi ya treni hii iko Syokimau, si katikati ya mji. Wekeni nauli ya kutoka pale, na msisahau vitambulisho.

Chakula cha njiani kitoke nyumbani: viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, ndizi, na maji yaliyochemshwa. Mtoto anayetapika kwenye gari apewe chakula kidogo kabla ya safari, asishibishwe. Chukua pia nguo moja ya kubadilisha mkononi, isiwe ndani ya mzigo ulio juu ya basi.

4. KWA MWENYEJI

Wengi wetu tutalala kwa ndugu au dada. Tukumbuke kwamba maisha ya mjini hupimwa kwa shilingi. Maji tunayochota mtoni bure, yeye pengine hununua kwa mtungi. Stima hununua kwa tokeni. Chumba chake huenda ni kimoja, na majirani wako nyuma ya ukuta.

Basi mpigie simu mapema. Mwambie mtakuja wangapi, mtafika siku gani na mtaondoka siku gani. Na siku hiyo ondokeni kweli. Mpelekee unga, maharagwe, ndizi au kuku, na umpe kitu kidogo cha maji na stima bila kungoja aombe. Mgeni wa namna hii hukaribishwa tena.

Mkifika, kabla hata ya chai, zungukeni nyumba kwa macho ya mtoto. Mtoto wetu hajazoea ghorofa. Ngazi, dirisha lisilo na vyuma na kibaraza cha juu vyote ni vigeni kwake. Mwonyeshe kwa upole mahali asipokwenda peke yake, na mlango ufungwe.

Jambo moja zaidi, na ninaomba mlisome mara mbili. Msilale na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama baridi ni kali namna gani. Makaa hutoa hewa ya sumu ambayo haina harufu wala rangi. Humlaza mtu, na haamki. Nyumba zetu za kijijini zina nafasi juu ya ukuta, hewa hupita. Chumba cha mjini hufungwa kikafungika kabisa. Jiko litolewe nje kabla ya kulala.

5. KITU KIMOJA KWA SIKU

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu anasema: nimelipa nauli, lazima nione kila kitu. Asubuhi makumbusho, mchana wanyama, jioni maduka. Ikifika saa saba mtoto analia, anagaragara chini, na mzazi anaona aibu mbele ya watu na kumchapa. Mtoto hana kosa. Amechoka, ana njaa, na kelele za mji zimemzidi.

Mpango mzuri ni huu: kitu kimoja kikubwa asubuhi, wakati mtoto ana nguvu. Mchana ale na alale. Jioni acheze karibu na nyumba. Siku ya kufika msipange kitu, pumzikeni tu. Kwa siku nne, mahali pawili panatosha. Chagueni kati ya hapa:

Wanyama. Karibu na lango kuu la Mbuga ya Taifa ya Nairobi, barabara ya Lang'ata, pana makao ya wanyama yatima ya Shirika la Wanyamapori. Mtoto anatembea kwa miguu na kumwona simba kwa karibu, nyuma ya uzio. Kwa mtoto mdogo hapa ni bora kuliko kuzunguka mbugani kwa gari saa nyingi mkitafuta mnyama aliyejificha. Mambo mawili muyajue kabla ya kwenda. La kwanza, malipo hufanywa kwa njia ya simu au intaneti, si pesa mkononi. Jiandikisheni mkiwa bado nyumbani, mkisaidiwa na kijana wa kikundi mnayemwamini. Usimpe simu yako mtu wa langoni usiyemjua eti akulipie. La pili, tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja na kutupa zimekatazwa katika mbuga za taifa. Beba maji katika chupa ya kudumu. Mifuko ya plastiki nayo imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, kwa hiyo tumia kiondo au kikapu.

Ndovu wadogo. Ndani ya mbuga hiyo hulelewa ndovu waliopoteza mama zao. Watu huruhusiwa kuwatazama saa moja tu kwa siku, saa tano hadi saa sita mchana, wakinyonyeshwa maziwa kwa chupa. Nafasi huwekwa mapema. Saa moja ni kipimo sawasawa cha mtoto.

Makumbusho ya Taifa. Hapa pana sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu ambaye Rais Kenyatta wa kwanza alimwekea ulinzi kwa amri yake, na ambaye alikufa mwaka 1974. Sanamu ni ya ukubwa wake halisi. Msimamishe mtoto karibu ajipime. Usimlazimishe kusoma kila kabati. Vyumba viwili au vitatu, basi.

Makumbusho ya Reli. Yako karibu na stesheni ya zamani ya mjini, na yalifunguliwa mwaka 1971. Pana magari ya moshi ya zamani ambayo mtoto anaweza kuyapanda. Kwa mtoto mwenye miguu isiyotulia hakuna mahali pazuri zaidi.

Bustani. Siku ambayo mfuko umelegea, nendeni Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907. Kiingilio chake ni kidogo. Lakini kuna tumbili, na hao hawaogopi mtu. Mtoto asitembee na ndizi mkononi, watamnyang'anya na kumkwaruza.

6. MTOTO ASIPOTEE

Wazazi fulani ninaowafahamu walikwenda Nairobi na binti yao wa miaka minne. Walipofika kituo cha mabasi, baba aligeuka kupokea mzigo kutoka juu ya gari. Mama naye alikuwa akipatana na mchukuzi. Kila mmoja alidhani mtoto yuko na mwenzake. Walipoangaliana, mtoto hayuko. Alipatikana baada ya saa nzima, karibu na mama mmoja muuza ndizi aliyekuwa na moyo mwema. Mama huyo alisema alimwuliza mtoto, "Mama yako anaitwa nani?" Mtoto akajibu, "Mama." "Kwenu ni wapi?" Akajibu, "Kwa nyanya."

Wazazi hawa si wazembe. Kijijini mtoto ana macho ya watu wengi. Akitoka boma moja, jirani anamwona. Mjini macho hayo hayapo, kwa hiyo ni lazima sisi tuweke mpango mahali pake:

Kwanza, mtoto awe na mlinzi mmoja kwa wakati mmoja, na mtamke kwa mdomo. "Baba, sasa uko naye." "Ndiyo, niko naye." Bila jibu hilo, usimwachilie.

Pili, kwenye barabara na kwenye watu wengi mshike kifundo cha mkono. Vidole huteleza. Mtoto wa chini ya miaka mitatu mbebe mgongoni kwa leso kama kawaida yetu. Gari la kusukuma la mtoto si lazima, na katika njia nyingi za Nairobi halipiti.

Tatu, mfundishe kabla ya safari jina lake kamili, jina la mama na la baba, na jina la kijiji. Fanyeni kama mchezo wa jioni kwa wiki mbili.

Nne, andika namba mbili za simu kwenye kitambaa na ushone ndani ya nguo yake. Namba moja iwe ya mwenyeji wa mjini, kwa maana simu yako inaweza kuibwa au kuzimika. Usiandike jina lake nje ya nguo mahali pa kuonekana. Mtu mbaya akimwita kwa jina, mtoto atadhani anamjua.

Tano, kila asubuhi mpige picha kwa simu akiwa na nguo za siku hiyo. Akipotea, hutaulizwa "alivaa nini" ukaanza kubabaika.

Sita, mfundishe: "Usiponiona, simama hapo hapo, usinitafute. Mimi ndiye nitakutafuta." Akiogopa, aende kwa mama mwenye mtoto, au kwa mlinzi mwenye sare.

Ikitokea amepotea, msione haya kupiga kelele. Tajeni jina lake, umri wake na rangi ya nguo zake ili watu wote wasikie. Mmoja abaki mahali mlipoachana, mwingine atafute. Arifuni polisi mara moja kwa namba 999 au 112. Kuna pia namba 116 ya kusaidia watoto, ambayo ni bure, mchana na usiku. Msingoje kesho.

7. AFYA

Beba kitabu cha kliniki cha mtoto. Ikiwa mnatoka sehemu zenye malaria, lala kwenye neti hadi siku ya mwisho kabla ya safari. Mtoto akishikwa na homa mkiwa Nairobi, mwambieni daktari bila kuulizwa kwamba mmetoka sehemu ya malaria. Nairobi malaria si nyingi, na daktari anaweza kudhani ni mafua ya baridi tu.

Kuhara ndiko huharibu safari nyingi. Mtoto ale chakula alichozoea, na kilicho moto. Akianza kuhara, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka kituo cha afya au duka la dawa. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Usizidishe chumvi. Mnyweshe kidogo kidogo, na anayenyonya aendelee kunyonya. Akiwa mlegevu, macho yameingia ndani, au kuna damu kwenye choo, nendeni hospitali. Hapo ndipo ile 2,000 inapofanya kazi yake.

8. MKIRUDI NYUMBANI

Siku ya kurudi, rudini na nguvu. Mwacheni mtoto asimulie mwenyewe. Pengine hatataja jengo refu hata moja. Atasimulia juu ya ngazi zinazotembea zenyewe, au ndovu aliyemaliza chupa ya maziwa. Msimcheke wala msimsahihishe. Hiyo ndiyo safari yake.

Katika mkutano unaofuata, waliosafiri walete hesabu: tulipanga ngapi, tulitumia ngapi, wapi tulipungukiwa. Hesabu ya ukweli ya familia moja ni mwalimu wa familia zote.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, ni wangapi wamewahi kukopa kwa ajili ya sherehe au matembezi? Deni lililipwaje?
2. Mtoto wako wa miaka minne, akiulizwa leo jina la mama yake, atajibu nini?
3. Ni kitu gani tunachoweza kumpelekea mwenyeji wa mjini bila kutumia pesa nyingi?
4. Je, kwa familia zetu, Nairobi ndiyo inayofaa, au kuna mji wa karibu zaidi wa kuanzia?

KAZI YA KUFANYA NYUMBANI

Baba na mama wakae pamoja, waandike safari moja kwenye karatasi: mahali, tarehe, gharama, na akiba ya kila wiki. Kisha wagawe siku: asubuhi nini, mchana mtoto atalala wapi. Leteni karatasi hizo mkutanoni. Ile ambayo mtoto hana mahali pa kulala mchana, irudishwe ikaandikwe upya.

Nawatakia safari njema na kurudi salama.